Nyasi Iliyokwenda Ng'ambo na Jina la Watu

Wahenga walisema wapiganapo ndovu, ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeitia kwenye insha mpaka imechakaa, na kila mwalimu akatuwekea alama ya vyema. Lakini hebu niulize, ndugu msomaji: nyasi gani hizo? Ndovu tunamjua. Tunamjua kwa ukubwa, kwa pembe, hata kwa nembo za vyama na chupa za pombe. Nyasi je? Tunazikanyaga asubuhi tukielekea stendi, tunazilalia Jumapili tukipumzika baada ya kanisa, na hatuna habari zinaitwaje, zilitoka wapi wala zimetuona tukipitia mangapi.

Nataka kuzungumzia nyasi moja tu. Ukiwa Nairobi, Limuru, Nyeri, Molo au Eldoret, iko hapo nje ya mlango wako sasa hivi. Ni ile ya kijani kibichi, nene kama godoro, yenye mashina yanayotambaa juu ya udongo na chini ya udongo, inayoruka mtaro na kuingia kwa jirani bila hodi. Wakikuyu wanaiita kigombe. Wazungu waliipa jina la nchi waliyoikuta, wakaiita nyasi ya Kikuyu, na kwa jina hilo imezunguka dunia nzima. Kuna mkulima wa ng'ombe wa maziwa kule milimani Colombia ambaye hajawahi kusikia habari za Kiambu, hajui Mlima Kenya uko upande gani, lakini kila siku ya Mungu analitamka neno hili: kikuyo. Kwake hilo si kabila. Ni chakula cha ng'ombe.

Tukisema historia yetu haikuandikwa, basi tujue kwamba sehemu yake nyingine imeandikwa kwa majani.

Kabla ya jina

Nyasi hii si ya Wakikuyu peke yao, na hilo tuliseme mapema. Nyumbani kwake asilia ni nyanda za juu za Afrika Mashariki: kuanzia Eritrea na Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, mpaka Rwanda, Burundi na milima ya mashariki mwa Kongo. Inapenda baridi ya wastani, mvua ya kutosha na udongo wenye rutuba, hasa ule mwekundu wa milimani. Mahali msitu ulipofyekwa na mifugo ikapita, hapo ndipo inapojitokeza. Haipendi kivuli, kwa hiyo ndani ya msitu mnene huikuti. Lakini miti ikiondoka, jua likifika chini, mbuzi na ng'ombe wakaanza kula na kukanyaga, nyasi nyingine zinasalimu amri, yenyewe ndiyo kwanza inachangamka.

Kwa hiyo, kabla ya mzungu yeyote kuitazama, nyasi hii ilikuwa tayari ni alama ya watu. Palipokuwa na zulia la kigombe palikuwa na mtu aliyefyeka, mtoto aliyechunga, na zizi lisilo mbali. Mgeni aliyekuja akasema nchi hii ni tupu, haina mwenyewe, alikuwa amesimama juu ya ushahidi unaompinga.

Na katika jamii kadhaa za huku kwetu nyasi haikuwa kitu cha kudharau. Mmaasai akishika nyasi mbichi mkononi na kuinyanyua, hiyo ni ishara ya amani. Fimbo zinashuka, mazungumzo yanaanza. Na sababu yake si fumbo: nyasi ni ng'ombe, ng'ombe ni maziwa, maziwa ni mtoto. Anayekuonyesha nyasi anakuonyesha uhai wenyewe.

Wataalamu wa mimea walichelewa kidogo. Jina la kisayansi, Pennisetum clandestinum, lilichapishwa mwaka 1903 na Mwitalia Emilio Chiovenda, akitumia jina lililokuwa limependekezwa na Mjerumani Hochstetter kabla yake. Mwaka 2010 mimea hii ilihamishiwa jamii nyingine, na sasa vitabuni inaitwa Cenchrus clandestinus. Neno lile la pili halikubadilika. Ni la Kilatini, maana yake ni kitu cha siri, kilichofichwa. Kwa nini siri? Kwa sababu ua lake hulioni. Limejificha ndani ya ala za majani, chini kabisa, na kinachotokea nje ni nyuzi nyeupe nyembamba tu, ambazo asubuhi hufanya uwanja uonekane kama umemwagiwa pamba. Mbegu nazo hukomaa humo humo mafichoni. Ng'ombe akila jani anazimeza, na kesho yake anazipanda pamoja na mbolea mahali pengine. Ukiikata fupi ndipo inapozidi kutoa maua. Unadhani unaitiisha, kumbe unaisaidia kuzaa.

Zulia la bwana mkubwa

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1902 ikaja sheria ya Ardhi ya Mfalme, iliyompa mzungu uwezo wa kukodi ardhi kwa miaka 99. Mwaka 1915 miaka hiyo ikafanywa 999. Piga hesabu mwenyewe: mtu aliyepewa shamba mwaka huo alitarajiwa kulirudisha mwaka 2914! Nyanda za juu zenye udongo mwekundu, zile zile zinazopendwa na kigombe, zikawa nyanda za wazungu. Mwenye kuchunga jana akawa kibarua leo. Na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kuvaa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kama kengele ya ng'ombe.

Sasa, Mwingereza anapojenga nyumba, haoni kama ni nyumba mpaka awe na nyasi iliyokatwa mbele yake. Hiyo ni ada ya kwao. Mabwanyenye wa Uingereza walikuwa na viwanja vya nyasi mbele ya majumba yao miaka mingi kabla ya kuja huku. Zamani zilikatwa kwa mundu na kondoo. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa Gloucestershire, akabuni mashine ya kukatia nyasi, na tangu hapo hata mtu wa tabaka la kati akaweza kuwa na uwanja wake. Uwanja wa nyasi haulishi mtu. Hauna mahindi, hauna maharagwe. Maana yake ni moja tu: mimi nina ardhi ya kutosha hata naweza kuiacha bila kulima.

Hebu fikiria maana hiyo ilivyosikika Kiambu, kwa mama aliyenyang'anywa ekari zake mbili.

Ila kulikuwa na tatizo. Nyasi za Uingereza ni za nchi ya baridi. Huchangamka katika ubaridi wa wastani, na jua kali likija huku mvua zimekatika, hunyauka na kukauka. Nyasi za nchi za joto ni kabila jingine kabisa. Mwaka 1966, Hal Hatch na Roger Slack, waliokuwa wakichunguza miwa huko Australia, walieleza njia ya pekee ambayo mimea ya aina hii huitumia kukamata hewa ya ukaa: inaikusanya kwanza, kisha inaipeleka kwa wingi mahali pa kutengenezea sukari. Kwa hiyo inafanya kazi juani bila kupoteza maji mengi. Mahindi ni hivyo, mtama ni hivyo, na nyasi ya Kikuyu ni hivyo. Tofauti ni kwamba hii yetu ni mtoto wa milimani. Ina nguvu za nyasi za joto, lakini inavumilia ubaridi kuliko ndugu zake wengi. Hali ya hewa ya Nairobi ni kama iliandaliwa kwa ajili yake.

Hivyo uwanja wa Kiingereza ukaota kwa nyasi ya Kiafrika. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Klabu ya Muthaiga ikafungua milango usiku wa kuamkia 1914. Bustani za Karen, Limuru na Nakuru zikatandazwa kijani. Na nani aliyepanda, aliyemwagilia, aliyekata? Shamba boi. Mtu mzima mwenye wake na watoto, anaitwa boi, yaani mvulana. Alichomeka vipande vya kigombe kimoja kimoja kwa vidole, akiwa amepiga magoti, katika ardhi ambayo pengine babake alichunga. Kazi ikiisha, hana ruhusa ya kuketi juu yake.

Kule mashambani nyasi hiyo hiyo ilikuwa mali. Kinangop, Molo na Limuru zikawa nchi za ng'ombe wa kizungu wa maziwa, wakilishwa malisho ya Kikuyu yaliyochanganyika na klova nyeupe ya asili ya Kenya. Chama cha wakulima wa maziwa, KCC, kilianzishwa mwaka 1925, na kwa miaka mingi kilikuwa cha walowezi. Mwafrika alianza kuruhusiwa kwa upana kufuga ng'ombe wa gredi na kulima mazao ya biashara baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu wakiwa wamefungiwa katika vijiji vya lazima. Wewe uliyesoma shule ya msingi miaka ya 80 na kunywa maziwa ya Nyayo ya pakiti ya pembe tatu, mpango ulioanza mwaka 1979, uliinywa nyasi hii bila kujua.

Safari ya ng'ambo

Kabla ya vita vya 1914 nyasi ilikuwa imeshafika Afrika Kusini. Ikapelekwa kama malisho, ikaishia kwenye bustani za nyumba, viwanja vya raga na vya gofu. Leo muulize mtu wa Johannesburg habari za "kikuyu", atakuonyesha ua wake.

Mwaka 1919 hivi, Australia ilipata mbegu kidogo kutoka Kongo ya Wabelgiji. Kutokana na mwanzo huo mdogo imefunika malisho ya pwani ya New South Wales, na farasi wa mashindano wa Royal Randwick, Sydney, wanakimbia juu yake. New Zealand nayo ikaipokea, na wakulima wa kaskazini mwa nchi hiyo mpaka leo wamegawanyika: mmoja anaiita mkombozi wakati wa kiangazi, mwingine anaiita balaa.

Hawaii iliipata miaka ya 1920. California ililetewa mwishoni mwa miaka ya 1910 ili izuie mmomonyoko wa udongo katika kingo za mifereji na miteremko. Kazi hiyo iliifanya, lakini haikukaa pale ilipowekwa. Ilitambaa. Uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles, ambako Tiger Woods alicheza mashindano yake ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa mwaka 1992 akiwa mvulana wa miaka 16, umetawaliwa na nyasi ya Kikuyu. Torrey Pines, San Diego, ambako Woods huyo huyo alishinda U.S. Open mwaka 2008 akichechemea kwa goti bovu, ni vivyo hivyo. Watangazaji wa televisheni huionya dunia nzima: tahadharini na kikuyu! Jani lake ni gumu, linakamata fimbo na kuisokota mkononi. Riviera ndiyo iliyopangiwa gofu ya Olimpiki ya mwaka 2028. Wakenya tutakaa mbele ya runinga tukisubiri mbio za marathoni, kumbe sisi tulishafika zamani, tumelala pale chini tunakanyagwa.

Na kwa serikali ya Marekani? Nyasi hii imo katika orodha ya magugu mabaya ya taifa. Yaani mahali pamoja inatunzwa kwa mamilioni ya dola, na sheria ya nchi hiyo hiyo inaiita gugu. Unaona mambo hayo? Mgeni akiwa na faida ni mgeni. Akianza kustawi kuliko wenyeji, anabadilishiwa jina.

Sisemi kwamba wanaoiogopa wanaota ndoto. Mahali isikokuwa na maadui wake wa asili, nyasi hii huua mimea ya wenyeji kwa kuifunika na kuinyima mwanga. Na ng'ombe wamewahi kufa kwa kuila, huko Afrika Kusini, Australia na New Zealand, kutokana na ugonjwa wa nadra unaotokea katika hali fulani za malisho. Uzuri wake na ubaya wake vinatoka katika tabia moja: haikubali kubaki ilipowekwa.

Kama unataka kuipanda

Hapa pengine utasema, bwana mwandishi, historia tumeisikia, sasa tuambie kazi. Sawa. Historia isiyoweza kushika jembe haitufai sana.

Chagua mahali penye jua. Chini ya mwembe au mparachichi usijisumbue. Lima kina cha jembe moja, ondoa mawe na mizizi ya magugu, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha sawazisha kwa reki ili maji yasituame. Ngoja mvua. Mvua ya masika ya Machi na Aprili ni nzuri, ya vuli ya Oktoba na Novemba pia inafaa.

Mbegu madukani zipo lakini watu wengi wa huku hawazihitaji. Nenda kwa jirani umwombe mashina yanayotambaa. Atakushukuru kwa kumpunguzia. Kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, maana mizizi hutokea kwenye vifundo. Chora mistari iliyoachana kama futi moja, laza vipande, fukia na uache ncha nje, kisha kanyaga kwa mguu udongo ushikane. Mvua isiponyesha, mwagilia kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo punguza mara lakini ongeza maji, ili mizizi ishuke chini kuyatafuta.

Ikifika urefu wa kiganja, ikate kwa mara ya kwanza. Baadaye iweke katika sentimita 3 hadi 5. Kanuni ya kukumbuka: usikate zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkupuo mmoja. Ukiiacha iwe ndefu kisha ukaishukia na slasha mpaka chini, utabaki na mashina ya kahawia kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Slasha inafaa kwa uwanja wa shule. Kwa uwanja mdogo tumia mashine au mkasi mkubwa, na kisu kiwe kikali, kwa sababu butu huchana jani badala ya kulikata.

Inapenda chakula. Majani yakianza kuwa ya manjano bila ukame, mara nyingi inalia njaa ya naitrojeni. Samadi laini au mbolea kidogo wakati wa mvua inatosha. Usizidishe, utakuwa mtumwa wa kukata kila siku ya tatu. Kila mwaka, kabla ya mvua, kwaruza kwa reki lile godoro la mashina makavu linalojijenga katikati ya jani na udongo, la sivyo maji yatakuwa yanateleza juu yake bila kufika kwenye mizizi.

Mwisho, mpaka. Chimba mtaro mwembamba wa kina cha futi moja kuzunguka mboga na maua yako, na uukague kila mwezi. Kigombe kinapita chini kwa chini. Ukikipa mwezi mmoja wa usingizi utakikuta ndani ya sukuma wiki.

Na wewe uliyeko Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, usiniandikie kulalamika. Nyasi hii si ya joto la pwani. Huko kwenu mna ukoka, nyasi ya heshima zake yenye jani jembamba, inayovumilia jua na mchanga kuliko hii. Pandeni ukoka wenu, na mmoja wenu aandike historia yake.

Nyasi ya nani?

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, lile zulia la bwana mkubwa lilibadilisha mwenyewe. Majumba mengine yakahamia mikononi mwa wenzetu wenye bahati, na vibao vya "Usikanyage nyasi" vikabaki palepale, vimepakwa rangi upya. Lakini mji nao ulikuwa na nyasi zake za umma. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa wakazi wa Nairobi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Bustani ya Uhuru, yaani Uhuru Park, ilifunguliwa na Mzee Kenyatta mwaka 1969. Kwa kijana wa Eastlands asiye na bustani, asiye hata na veranda, hapo palikuwa ndiyo sebule yake. Hapo ndipo jamaa anamleta msichana wake, wanagawana soda moja. Hapo mtu aliyetafuta kazi tangu asubuhi anavua viatu na kulala usingizi wa saa moja bila kulipa senti.

Mwaka 1989 ikatangazwa kwamba ndani ya Uhuru Park litajengwa jumba la ghorofa 60, makao ya chama tawala na gazeti lake. Profesa Wangari Maathai akapinga. Akaandika barua, akaenda mahakamani, akatukanwa bungeni. Wakubwa walimcheka kwamba ni mwanamke anayepigia kelele nyasi. Lakini wafadhili wakarudi nyuma, na jumba halikujengwa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee. Kulikuwa na mpango wa kujenga juu ya bustani ile, na Zarina Patel, mjukuu wa mwenye kuitoa, akasimama kuutetea mji mpaka mpango ukaachwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye kona ya Uhuru Park, wakagoma kula, wakidai watoto wao. Polisi walipowavamia kwa rungu na mabomu ya machozi, baadhi yao walivua nguo, laana ambayo hakuna mwana wa Kiafrika asiyeielewa. Pale pakaitwa Kona ya Uhuru. Na tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani hiyo hiyo, ndipo Katiba mpya ilipozinduliwa, umati umejaa mpaka nyasi haionekani.

Sasa jiulize: lile jumba la ghorofa 60 lingesimama, akina mama wale wangeketi wapi? Katiba ingesomwa wapi, katika maegesho ya magari?

Hii ndiyo sababu nasema hadithi ya nyasi si hadithi ya watunza bustani peke yao. Mkoloni alitumia nyasi kuonyesha nani ana ardhi na nani hana. Wanyakuzi waliofuata waliiona nyasi ya umma wakasema hapa ni patupu, hapana kitu, kama walivyosema wale wa 1902. Maneno ni yale yale. Uwanja wa mpira wa mtaani, ule wenye magoli ya mbao, ambao leo una mabati na ubao wa "Mali ya mtu binafsi", nao ulionekana mtupu. Hakuna ardhi ya umma iliyonyakuliwa ambayo kwanza haikuitwa tupu.

Nyinyi wenzangu mnaoshika kalamu, tumezoea kuandika kuhusu theluji tusiyoigusa na maua tuliyoyasoma vitabuni. Kigombe kiko mlangoni. Mzee anayekikata pale kwa jirani anajua jina lake kwa lugha yake, anajua kilikuwa wapi kabla ya lami, anajua nani alichunga hapo na nani alifukuzwa. Msalimie, mwite mzee na si shamba boi, mwulize na uandike kabla hajaondoka. Uliza pia uwanja wa mtaa wenu umesajiliwa kwa jina la nani, kwa maana daftari za ardhi ni za umma, na swali hilo likiulizwa na vijana kumi lina uzito kuliko shairi moja la huzuni.

Nyasi hii imekatwa Nairobi, imeitwa gugu Marekani, imeliwa na farasi Australia na ng'ombe Colombia. Imebeba jina la watu mahali ambapo watu wenyewe hawahitaji kufika. Haikuomba kupelekwa, lakini ilipotua haikufa. Inakatwa leo, kesho asubuhi ina nyuzi nyeupe. Ndovu wapigane wanavyotaka. Mimi nimewatazama sana ndovu, na sasa naona tuanze kuhesabu nyasi.